Pumu Haichagui Mjini wala Kijijini: Mbinu za Kuitambua na Kuidhibiti Hapo Unapoishi

Watu wengi katika nchi zetu wanaamini kwamba pumu ni ugonjwa wa mjini. Mtoto akianza kubanwa kifua Dar es Salaam au Nairobi, ndugu hushauri apelekwe kwa bibi yake kijijini akapate hewa safi. Mtoto wa kijijini naye akibanwa vilevile, wenyewe husema ameshikwa na baridi, ana nimonia, au kuna mkono wa mtu. Pumu haitajwi kabisa. Imani hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake, lakini inavyotumika inawanyima watu matibabu, na wengine inawapotezea maisha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Vifo vingi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dawa za kuzuia vifo hivyo zipo na zimekuwapo kwa miongo mingi. Wengi wanaokufa hawakuwahi kuambiwa kwamba wana pumu, au waliambiwa wakapewa dawa ya kutuliza tu, bila ile ya kuzuia.

Tutaanza na takwimu za mjini na kijijini ili ujue hatari yako iko wapi. Kisha tutapita hatua kwa hatua katika yale unayoweza kuyafanya nyumbani, zahanati, shuleni na kazini.

Takwimu zinasema nini

Kenya ina utafiti unaofaa kuanzia. Watafiti walikwenda katika shule za msingi 5 za Nairobi na 5 za Murang'a, wakapima watoto wa miaka 8 hadi 12. Kila mtoto alipuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, akakimbia kwa dakika 6, kisha akapuliza tena. Mtoto ambaye pumzi yake ilishuka kwa asilimia 10 au zaidi baada ya kukimbia alihesabiwa kuwa njia zake za hewa hubana. Nairobi walikuwa karibu 23 katika kila watoto 100, na Murang'a walikuwa karibu 13. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998.

Zimbabwe, utafiti wa namna hiyo uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha tofauti kubwa zaidi. Katika mitaa ya wenye uwezo ya Harare, watoto wenye tatizo hilo walikuwa karibu 6 kwa 100. Katika mitaa ya watu wengi ya jiji hilohilo walikuwa 3 kwa 100, na kijijini Wedza alikuwa mtoto 1 kwa 1,000. Uganda nao walipima vijana na watu wazima nchi nzima, na matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha watu 13 kwa 100 mjini na karibu 9 kwa 100 vijijini.

Ukizipanga takwimu hizo kwa miaka yake, utaona mambo mawili. Mjini kunaongoza kila mara. Lakini kijiji kilichoonekana karibu hakina pumu katika utafiti wa Zimbabwe si kijiji kilichopimwa Uganda miaka mingi baadaye. Nchi ni tofauti na vipimo ni tofauti, hivyo hatuwezi kuzilinganisha moja kwa moja. Hata hivyo, watu 9 kwa 100 si wachache. Katika kijiji cha watu 2,000, kwa kiwango hicho tungetarajia wagonjwa wapatao 180. Je, zahanati ya kijiji chako ina wagonjwa wangapi wa pumu katika daftari lake?

Hapo ndipo penye tatizo letu kubwa. Utafiti wa miaka ya karibuni katika miji sita ya Afrika, Kampala ikiwamo, uliwauliza wanafunzi zaidi ya 27,000. Karibu 12 katika kila 100 walikuwa na dalili za pumu, lakini katika hao wenye dalili ni mmoja tu kati ya watano aliyekuwa amewahi kuambiwa na mtaalamu kwamba ana pumu. Ikiwa mjini, penye hospitali na madaktari, wanne kati ya watano hawajulikani, kijijini hali haiwezi kuwa nzuri zaidi.

Kwa nini mjini kunazidi

Sababu ni nyingi na zimeshikana: moshi wa magari, nyumba zisizopitisha hewa, mende, vumbi la magodoro na mazulia, unene, na watoto kushinda ndani. Kuna pia suala la utoto wa mwanzo. Watafiti waliochunguza watoto wa shule katika eneo la Entebbe, Uganda, walikuta kwamba waliozaliwa kijijini walikuwa na hatari ndogo kuliko waliozaliwa katika miji midogo au jijini, ingawa wakati wa utafiti wote walikuwa wakiishi mjini. Inaelekea mwili wa mtoto mchanga unaokutana mapema na udongo, mifugo na vijidudu vya aina nyingi hujifunza kutoshtuka ovyo.

Lakini si kila kijiji kinatoa kinga hiyo. Nchini Marekani kuna jamii mbili za wakulima zenye asili na maisha yanayofanana sana, Waamish na Wahutterite. Waamish hulima kwa farasi, na watoto wao hucheza karibu na mazizi. Wahutterite hulima kwa mitambo katika mashamba makubwa, na mifugo yao iko mbali na watoto. Kwa takwimu zilizochapishwa mwaka 2016, watoto wa Kiamish wenye pumu walikuwa karibu 5 kwa 100, na wa Kihutterite 21 kwa 100. Wote ni watu wa shamba.

Kwa hiyo usimhamishie mtoto kijijini ukidhani ni tiba. Kinga ya kijiji, pale inapokuwapo, hujengeka tangu uchanga. Mtoto wa miaka 9 mwenye pumu akipelekwa kijijini hukutana na moshi wa kuni na vumbi la kupura mahindi, na hospitali iko mbali. Akipelekwa bila dawa zake, amewekwa hatarini.

Hatua ya 1: Zijue dalili kabla ya shambulio kubwa

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa. Kuta zake huvimba kwa ndani, hutoa makohozi mazito, na misuli inayozizunguka hukaza. Dalili zake kuu ni nne: kikohozi, kubanwa kifua, kuishiwa pumzi, na mluzi kifuani wakati wa kutoa pumzi. Si lazima zote ziwepo kwa mgonjwa mmoja. Wapo watoto wenye pumu ambao dalili yao kubwa ni kikohozi kikavu cha usiku.

Kinachoitofautisha pumu na magonjwa mengine ya kifua ni tabia yake ya kuja na kuondoka. Leo mtu anahema kwa shida, kesho kutwa ni mzima anacheza mpira. Dalili huzidi usiku na alfajiri, wakati wa mafua, baada ya kukimbia au kucheka sana, au akikutana na moshi na vumbi. Mara nyingi katika ukoo kuna mwenye pumu, au mwenye mzio wa ngozi au wa pua.

Jiulize maswali haya kuhusu mtoto wako. Je, huamka usiku akikohoa hata asipokuwa na mafua? Akikimbia na wenzake, huwa wa kwanza kuacha na kushika kifua? Katika mwaka mmoja ametibiwa "nimonia" mara tatu au nne, na kila mara akapewa antibayotiki? Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, mpeleke akachunguzwe pumu.

Hatua ya 2: Nenda zahanati na daftari mkononi

Mgonjwa wa pumu mara nyingi hufika kwa daktari akiwa mzima. Daktari anasikiliza kifua, hasikii kitu, anamrudisha nyumbani na dawa ya kikohozi. Dawa ya tatizo hilo ni daftari. Kwa wiki mbili andika kila siku: amekohoa usiku au hapana, saa ngapi, amebanwa wakati akifanya nini, na siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini. Kulipikwa kwa kuni? Kulifagiliwa? Mvua ilinyesha? Jirani alichoma takataka? Ukurasa mmoja wa maelezo hayo humsaidia mtaalamu kuliko kusema tu "anakohoa sana". Kama una simu yenye kamera, rekodi sauti ya kifua wakati mtoto anabanwa.

Omba kipimo cha kupuliza. Kuna mashine kubwa hospitalini, na kuna kifaa kidogo cha mkononi kinachopima kasi ya pumzi, ambacho hata kituo cha afya kinaweza kuwa nacho. Mgonjwa hupuliza, hupewa dawa ya kufungua kifua, kisha hupuliza tena baada ya robo saa. Pumzi ikiongezeka sana, hiyo ni dalili kubwa ya pumu. Mtoto wa chini ya miaka 5 kwa kawaida hawezi kupuliza sawasawa, hivyo daktari huamua kwa historia na kwa kuona anavyoitikia dawa.

Na jambo hili usiliache: mwenye kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi apimwe pia kifua kikuu, hasa kama kuna homa, jasho la usiku au kupungua uzito.

Hatua ya 3: Kagua nyumba yako kulingana na mahali unapoishi

Vitu vinavyoamsha pumu hutofautiana kwa mazingira, ndiyo maana ushauri wa jumla huwa hausaidii sana.

Kama unaishi mjini katika chumba cha kupanga, anza na jiko na mende. Usipike kwa jiko la mafuta ya taa au la mkaa ndani ya chumba cha kulala. Moshi wake huumiza kifua, na mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoua watu wakiwa usingizini. Kinyesi na mabaki ya mende ni kichochezi kikubwa cha pumu mijini, kwa hiyo funika chakula, toa takataka kila jioni, na ziba bomba linalovuja. Ukiua mende kwa dawa ya kupuliza, mgonjwa asiwepo na chumba kipigwe hewa kabla hajarudi. Dawa ya mbu ya kuwasha ina moshi unaokera kifua. Neti ni bora zaidi.

Kama unaishi pwani, iwe Tanga, Mombasa, Lamu au Unguja, adui wako ni unyevu. Wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho hustawi panapokuwa na joto na unyevunyevu, na makao yao ni godoro, zulia na ile mito ya sufi ya miaka mingi. Fua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto sana, anika juani, na godoro ulitoe nje jua kali ulipige mbali na mgonjwa. Mto wa zamani wa mgonjwa ubadilishe. Ukuta wenye ukungu usuguliwe na dirisha liachwe wazi mchana.

Watu wa pwani pia tuna udi na ubani. Oman, ambako desturi hiyo imeota mizizi kama kwetu, watafiti waliwachunguza watoto wa shule katika mikoa miwili na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Walikuta kwamba kufukiza udi nyumbani hakukuhusiana na kuwa na watoto wengi zaidi wenye pumu, lakini kwa watoto ambao tayari walikuwa nayo, moshi huo uliwafanya wengi wabanwe. Kwa hiyo hakuna haja ya kuiacha desturi. Fukiza nguo na nyumba mgonjwa akiwa hayupo, fungua madirisha, na katika shughuli mkalishe mbali na chetezo.

Kama unaishi kijijini, anza na jiko la kuni. Jikoni ndipo mama na mtoto mchanga wanapovuta moshi mwingi kuliko mahali pengine popote. Usipike ukiwa umembeba mtoto mgongoni. Pika nje au kibarazani mvua isiponyesha. Kuni zikaushwe kabla ya kutumika, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi zaidi. Loweka maharage usiku kucha na funika sufuria. Utakaa motoni muda mfupi zaidi. Fungua matundu mawili jikoni yanayoelekeana ili upepo upite. Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Gesi ikifika kijijini kwenu kwa bei unayoimudu, nyumba yenye mgonjwa wa pumu iwe ya kwanza kuichukua.

Wakati wa mavuno, mwenye pumu asipure mahindi wala maharage, asipepete, na asisimame ndani ya chumba cha mashine ya kusaga. Akilazimika, afunge kitambaa chenye unyevu puani na mdomoni, na dawa yake iwe mfukoni. Kuku na mbuzi wasilale chumba kimoja naye.

Popote ulipo, asivute sigara mtu yeyote ndani ya nyumba yenye mgonjwa.

Hatua ya 4: Zijue dawa mbili na kazi zake

Hapa ndipo wengi hupotea. Inhela za pumu, yaani vile vifaa vya kuvutia dawa kifuani, ziko za kazi mbili. Ya kwanza, ya kutuliza, hulegeza misuli iliyokaza na mgonjwa hupata nafuu ndani ya dakika chache. Inayojulikana zaidi ni salbutamoli, na mara nyingi chombo chake ni cha bluu. Ya pili, ya kuzuia, ina steroidi kidogo, kama beklometasoni au budesonidi, na hutibu ule uvimbe wa ndani. Hii haileti nafuu ya papo hapo, na ndiyo sababu watu huidharau. Lakini hiyo ndiyo inayozuia mashambulio na vifo.

Mwaka 2019 jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa matibabu ya pumu lilitamka kwamba mgonjwa mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi asitibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake. Kila mgonjwa apate na steroidi ya kuvuta. Mwulize anayekutibu swali hili kwa maneno haya: "Dawa yangu ya kuzuia ni ipi?" Kama jibu ni kwamba hakuna, omba uelezwe kwa nini.

Njia rahisi ya kujipima ni kuhesabu. Inhela ya salbutamoli kwa kawaida ina dozi 200. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika tarehe uliyoifungua. Ukimaliza inhela 3 au zaidi kwa mwaka, pumu yako haijadhibitiwa na uko katika hatari ya kushambuliwa vibaya. Anayefikia inhela 12 kwa mwaka, yaani moja kila mwezi, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Vilevile, ukiihitaji dawa ya kutuliza zaidi ya siku mbili kwa wiki, rudi kwa daktari.

Jihadhari pia na vidonge na dawa ya maji ya salbutamoli inayouzwa sana madukani. Hufanya kazi polepole, na kwa kuwa huzunguka mwili mzima, moyo huenda mbio na mikono hutetemeka. Dawa ya kuvuta hufika palepale kwenye tatizo kwa kiasi kidogo sana. Inhela haimfanyi mtu mtumwa wa dawa, na mgonjwa hatakiwi kusubiri azidiwe ndipo aanze kuitumia.

Mweleze daktari dawa nyingine unazotumia. Aspirini na dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo huwabana baadhi ya wenye pumu, na zipo dawa za presha na za macho zinazoweza kufanya hivyo.

Hatua ya 5: Vuta dawa iingie kifuani, isiishie mdomoni

Ukiwa na inhela mikononi, fanya hivi. Itikise. Toa pumzi yote. Weka mdomo wa inhela katikati ya meno na ufunge midomo. Anza kuvuta hewa polepole, bonyeza mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae. Zuia pumzi kwa sekunde 10. Kama unahitaji dozi ya pili, subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, rudia. Baada ya dawa yenye steroidi sukutua mdomo kwa maji na uyateme, usije ukapata utando mweupe kinywani.

Watoto, wazee na mtu aliyebanwa sana hawawezi kupatanisha kubonyeza na kuvuta. Wao wanahitaji chombo cha kati ambamo dawa hukaa kidogo kabla ya kuvutwa. Chombo cha dukani ni ghali na si kila duka la dawa linacho, lakini Afrika Kusini imetupa jibu. Jaribio lililofanywa huko na kuchapishwa mwaka 1999 lilionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa na kuzibwa vizuri, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na chombo cha kununua.

Itengeneze hivi. Chukua chupa ya soda au ya maji ya mililita 500. Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo, usiisuuze, iache ikauke yenyewe kwa hewa; utando wa sabuni huzuia dawa isigande kwenye plastiki. Kunja waya kwa umbo la mdomo wa inhela, uupashe moto, kisha toboa kwa huo waya kitako cha chupa. Tundu libane, inhela iingie kwa nguvu kidogo. Ziba pembeni kwa gundi au plasta ili hewa isipite, kwa sababu chupa iliyotobolewa bila kuzibwa haifanyi kazi vizuri. Mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa, ubonyeze dawa mara moja, naye avute na kutoa pumzi taratibu mara 4 hadi 6. Kisha bonyeza tena. Ipeleke zahanati siku ya kwanza wakuangalie unavyoitumia. Mtoto mdogo asiyeweza kushika mdomo wa chupa anahitaji chombo chenye barakoa; uliza hospitali.

Hatua ya 6: Panga dharura kabla haijatokea

Mtu akibanwa, mkalishe wima, akiinamia mbele kidogo. Usimlaze. Mpe dawa ya kutuliza kupitia chupa mara 4, moja baada ya nyingine, kila moja kwa pumzi 4. Subiri dakika 4. Kama hajapata nafuu, rudia mara 4 na uanze safari ya hospitali, ukiendelea kumpa hivyohivyo njiani. Usimfukize kwa mvuke wa maji ya moto, na watu wasimzunguke kumzibia hewa.

Ziko dalili za kutosubiri hata dakika moja. Hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Ngozi katikati ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta hewa. Midomo au kucha zinageuka rangi ya bluu au kijivu. Amelegea na anasinzia. Mluzi wa kifua umenyamaza ghafla huku bado anahangaika. Huo ukimya si nafuu: hewa imeacha kupita.

Anayeishi mbali na hospitali apige hesabu ya masafa mapema. Weka kwenye simu namba za waendesha bodaboda wawili walio tayari kutoka usiku. Tenga nauli usiyoigusa kwa jambo jingine. Toka nyumbani mapema zaidi kuliko mtu wa mjini, kwa sababu nafuu ya dawa inaweza kuisha ukiwa bado njiani. Ukipewa vidonge vya prednisoloni hospitalini, vimalize kwa siku ulizoandikiwa hata kama kifua kimefunguka siku ya pili.

Hatua ya 7: Shuleni na kazini

Mwalimu, angalia asubuhi wanafunzi wanapofagia. Uwanja mkavu, mifagio ya chelewa, vumbi limetanda hadi madirishani, na katikati ya vumbi hilo yumo mtoto anayekohoa kila siku saa moja na nusu. Anaitwa mvivu kwa sababu huacha ufagio na kukaa kando. Mpe kazi ya kumwagilia maua au kufuta meza kwa kitambaa chenye maji. Agiza uwanja unyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Mtoto aruhusiwe kubeba inhela yake mwenyewe, isifungiwe ofisini. Michezo asikatazwe. Apashe mwili taratibu na atumie dawa kama alivyoelekezwa, kwa kuwa mwenye pumu iliyodhibitiwa hukimbia kama wenzake.

Mzazi unayempeleka mtoto shule ya bweni, mweleze matroni au patroni kwa maandishi: dawa zipi, saa ngapi, na afanye nini akibanwa usiku.

Kazini nako kuna pumu. Waokaji huipata kwa vumbi la unga, maseremala kwa vumbi la mbao kama mvule, wasusi na watengeneza nywele kwa kemikali. Kama unapata nafuu siku za mapumziko na kubanwa tena ukirudi kazini, mweleze daktari. Ukigundulika mapema na kuondolewa kwenye vumbi hilo, dalili zinaweza kuisha kabisa au kupungua sana.

Hatua ya 8: Unaposafiri kati ya mjini na kijijini

Mwisho wa mwaka familia nyingi hurudi kwao. Wiki moja kabla, hakikisha dawa ya kuzuia inatosha kwa siku zote za likizo na ziada, na usiiruke hata siku moja kwa kuwa mtoto "yuko sawa". Beba inhela ya kutuliza mpya na chupa yake, ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Ukifika, uliza kwanza zahanati iko wapi na kama ina oksijeni. Ongea na bibi na shangazi kwa heshima: mtoto asilale chumba kinachopikiwa, na wote waonyeshwe jinsi ya kumpa dawa. Anayetoka kijijini kuja mjini naye afanye vivyo hivyo, kwa sababu huenda akabanwa kwa mara ya kwanza maishani akiwa chumba cha kupanga, bila ndugu anayejua.

Neno kwa msomaji

Takwimu zinaonyesha pumu ni nyingi zaidi mjini, lakini hazisemi kijijini haipo. Kule haijahesabiwa vya kutosha, na mgonjwa asiyehesabiwa hapangiwi dawa. Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo moja wiki hii. Mtafute mtoto mmoja, wa kwako au wa jirani, anayekohoa usiku na ambaye kila mtu amezoea kusema ana kifua cha baridi. Mwandikie daftari la wiki mbili, mpeleke akapimwe, na usirudi bila kuuliza dawa yake ya kuzuia ni ipi. Pumu haina tiba ya kuimaliza, lakini inadhibitika, na anayeidhibiti anasoma, analima, anakimbia na kuzeeka kama mtu mwingine yeyote.